Amahera, pesa na hela: sarafu za makampuni zilizopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Ziwa Tanganyika

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayeingia Bujumbura kutokea Kigoma, Uvira au Kabanga husikia neno moja kabla hata hajafungua mzigo wake: amahera. Ndivyo Warundi wanavyoita fedha. Mwenzake wa upande wa Tanzania husema hela. Wote wawili wanataja sarafu ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Heller, iliyoingia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, pale rupia moja ilipogawanywa katika heller 100. Wajerumani walifukuzwa Burundi mwaka 1916. Jina la sarafu yao halikuondoka nao.

Neno pesa nalo limetoka mbali. Ni paisa ya Bara Hindi, iliyovuka bahari pamoja na rupia na kuzoeleka pwani. Lakini pesa za kwanza kufuliwa kwa ajili ya Tanganyika hazikutoka kwa mfalme wala kwa serikali. Zilitoka kwa kampuni ya biashara, na jina la kampuni hiyo limeandikwa juu yake.

Hapo ndipo wakusanyaji na watafiti wa sarafu za zamani wanapopata kazi. Sarafu ya serikali inajulikana: imeandikwa katika sheria na ina hesabu katika benki kuu. Sarafu ya kampuni, ya shamba, ya mji au ya mfanyabiashara binafsi ni ahadi ya mtu. Anayeikuta leo katika bati la bibi yake hana budi kuuliza maswali ambayo kila mchuuzi wa mpakani anayajua: nani aliitoa, nani alikubali kuipokea, na siku mwenyewe alipoondoka, hasara ilimwangukia nani?

Shanga za Ujiji

Kabla ya sarafu yoyote ya chuma kuzoeleka ziwani, soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake. Ziliitwa sofi: shanga ndefu zenye tundu, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliandika jinsi zilivyotumika. Asubuhi soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko iliyojaa sofi walizunguka na kuwapa wanunuzi shanga hizo kwa kubadilishana na bidhaa nyingine. Wanunuzi walizitumia sokoni kununua walichotaka. Soko lilipokaribia kufungwa, watu wale wale walizikusanya tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida asubuhi na faida jioni.

Anayesimama leo Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, na kuwatazama wabadilisha fedha wakiwa na mafungu ya faranga za Burundi, faranga za Kongo na dola, ataitambua kazi hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba fedha ya Ujiji haikutolewa na benki. Ilisimama kwa sababu soko zima lilikubali kuwa jioni kutakuwa na mtu wa kuipokea.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa makini. Karin Pallaver wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, ameandika juu ya shanga, nguo na sarafu zilizotumika kama fedha katika njia ya misafara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji. Philip Gooding, katika kitabu chake cha mwaka 2022 kuhusu historia ya Ziwa Tanganyika kati ya 1830 na 1890, amelitazama ziwa kama mpaka wa mbali wa ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Kazi za namna hii zimeweka wazi kwamba shanga hazikuwa mapambo ya kuwahadaa wenyeji, kama ilivyosemwa zamani. Kila soko lilikuwa na shanga yake. Msafara uliofika na rangi au umbo lisilotakiwa ulikwama na mzigo wake, kama anavyokwama leo mtu mwenye noti ambayo hakuna anayeitaka.

Kampuni yenye sarafu yake

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo kwa Kijerumani huandikwa kwa kifupi DOAG, ilipata hati yake mwaka 1885. Mwaka 1890 ilianza kutoa pesa za shaba zilizofuliwa Berlin. Upande mmoja una tai wa Dola ya Ujerumani na jina la kampuni. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu ndani ya shada la majani, yanayosema kuwa ni sarafu ya shirika la Wajerumani, pamoja na mwaka wa Hijria: 1307, 1308 au 1309. Pesa 64 zilifanya rupia moja, hesabu ile ile iliyotumika India.

Rupia za fedha za kampuni hiyo zilipewa uzito wa rupia ya India, gramu 11.66. Haikuwa bahati. Rupia ya India ndiyo wafanyabiashara wa Zanzibar, Bagamoyo na Mombasa walioizoea na kuiamini, na sarafu mpya isingepokelewa kama ingekuwa nyepesi mizanini. Kichwa cha sarafu kina picha ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai. Mgongoni kuna simba, mnazi na jina la kampuni.

Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilichukua utawala wa koloni kutoka kwa kampuni, lakini kampuni ikabaki na haki ya kutoa sarafu. Kwa miaka zaidi ya kumi, mtu aliyelipwa rupia alikuwa na mkononi picha ya mfalme na jina la kampuni ya biashara katika kipande kimoja cha chuma. Serikali ilikuja kuishika kazi hiyo yenyewe, na mwaka 1904 ndipo heller ikachukua nafasi ya pesa.

Kaskazini hali ilikuwa hiyo hiyo. Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati mwaka 1888 na mwaka huo huo ikatoa sarafu zilizoandikwa Mombasa, zikiwa na picha ya mizani. Kampuni ilishindwa kibiashara na mwaka 1895 eneo lake likachukuliwa na serikali ya Uingereza. Sarafu zake zimebaki.

Herufi H na mji wa Birmingham

Mkusanyaji anayeitazama rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 kwa kioo cha kukuzia ataona herufi ndogo H. Ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, Uingereza. Familia ya Heaton ilinunua mashine za kiwanda cha zamani cha Soho cha mji huo zilipouzwa mnadani mwaka 1850. Birmingham ndio mji uliokuwa umeifundisha Uingereza nzima kutumia sarafu za watu binafsi.

Uingereza ilikuwa imepungukiwa chenji. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 viwanda viliajiri maelfu ya vibarua, lakini serikali haikutoa sarafu ndogo za kutosha kuwalipa. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, kisiwani Anglesey, ilianza kutoa peni zake yenyewe, zikiwa na maneno ya kuahidi kumlipa mwenye nazo. Wengine wakafuata. Wimbi la pili lilikuja wakati wa vita dhidi ya Napoleon, hasa miaka ya 1811 hadi 1813. Wafanyabiashara wa nguo, wenye migodi, mabenki madogo na hata mabaraza ya miji walitoa shilingi na nusu shilingi za fedha, na peni za shaba. Nyingi kati ya peni hizo ziliandikwa kwamba atakayeleta tokeni 240 atapewa noti ya pauni moja. Nyumba ya maskini ya Birmingham ilitoa zake, na wasimamizi wa maskini wa Sheffield wakatoa za kwao.

Mwaka 1816 serikali ya Uingereza ilianza kufua upya sarafu zake za fedha. Mwaka 1817 Bunge likapitisha sheria iliyopiga marufuku tokeni za shaba kuanzia mwaka uliofuata, ingawa zile za maskini wa Birmingham na Sheffield ziliongezewa muda. Sababu ya kuwaongezea ni rahisi kuielewa. Waliokuwa nazo ni watu wasio na akiba nyingine, na kuzifuta kwa siku moja kungewaacha bila chakula. Kwa wengine, mwenye tokeni alilazimika kumtafuta aliyeitoa. Kama alikuwa amefilisika au amehama, kilichobaki kilikuwa chuma cha kuuza kwa uzito.

W. J. Davis alichapisha mwaka 1904 orodha kubwa ya tokeni hizo za karne ya 19, na hadi leo wakusanyaji hutaja namba zake. Kazi kama yake ilifanyika kwa kulinganisha jina lililo kwenye chuma na vitabu vya anwani, magazeti ya zamani na kumbukumbu za mahakama, hadi ikajulikana kwamba herufi fulani ni za muuza nguo fulani wa mtaa fulani.

Katika kundi hilo ipo tokeni moja inayomgusa msomaji wa Afrika zaidi ya nyingine. Ina picha ya Mzungu na Mwafrika wakishikana mikono, na maneno ya Kiingereza yanayosema kuwa wote ni ndugu na kwamba biashara ya watumwa imekomeshwa na Uingereza mwaka 1807. Upande wa pili umeandikwa kwa Kiarabu. Ilitolewa kwa ajili ya Sierra Leone na huhusishwa na kampuni ya biashara ya Macaulay na Babington. Mtu akiisoma haraka atadhani ilifuliwa 1807. Watafiti wanaiweka karibu na mwaka 1814. Mwaka ulio kwenye chuma ni wa sheria inayokumbukwa, si wa kufuliwa. Na tangazo lile la undugu halikufika Ziwa Tanganyika. Miaka sitini baadaye watu walikuwa bado wanauzwa Ujiji.

Tembo wa Tabora

Vita ya Kwanza ya Dunia iliifungia Afrika Mashariki ya Kijerumani njia ya bahari. Sarafu hazikuja tena kutoka Ulaya. Utawala ulichapisha noti za muda kuanzia 1915, na mwaka 1916, huko Tabora, mafundi wakaanza kufua sarafu kwa mitambo ya karakana ya reli. Zilitoka heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, heller 5 za shaba ya njano, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Kalibu yake ilichongwa na sonara kutoka Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka. Inaonyesha tembo akiwa ameinua mkonga, na nyuma yake mlima. Zilifuliwa 16,198 tu, na zote zina herufi T ya Tabora.

Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, iliingia mikononi mwa majeshi ya Ubelgiji Juni 1916. Tabora ilianguka Septemba 19 mwaka huo huo. Mchuuzi wa ngozi au chumvi aliyekuwa na noti za muda chini ya mkeka alikuwa ameshika karatasi ya serikali iliyokuwa ikirudi nyuma porini. Fedha ya chuma ilikuwa na nafuu, kwa kuwa angalau madini yake yaliweza kupimwa.

Baada ya hapo mipaka ya fedha ilifuata mipaka ya watawala. Tanganyika, Kenya na Uganda zikaingia katika shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ruanda-Urundi ikafungwa kwenye faranga ya Kongo ya Kibelgiji. Katika miaka ya 1950 zilitoka sarafu zenye picha ya mchikichi na jina la Kongo pamoja na Ruanda-Urundi. Mwaka 1960 Rwanda na Burundi zilipata benki moja ya kutoa fedha, na sarafu yao ya faranga moja ilikuwa na simba. Umoja huo ulivunjika mwaka 1964, na kila nchi ikaenda na faranga yake. Sarafu ya simba haina thamani kubwa mnadani. Kwa anayefuatilia muungano wa kikanda ni ushahidi kwamba nchi mbili za jirani ziliwahi kushika fedha moja, na kwamba ilidumu miaka michache tu.

Jinsi ya kuitambua

Wafanyabiashara wa mpakani wanapata nafasi ambayo wakusanyaji wa Ulaya hawana, kwa kuwa wanapita katika nyumba na masoko ambako vitu hivi bado vimelala. Lakini wengi huviharibu au huviuza bila kujua ni nini.

Jambo la kwanza ni kutoisugua. Majivu, ndimu na mchanga huifanya shaba ing'ae na kuiondolea sehemu kubwa ya thamani yake. Vumbi linatolewa kwa maji safi na kitambaa laini, basi.

La pili ni kusoma herufi ndogo. A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora, H ni Heaton wa Birmingham. Heller zenye tundu katikati ni za miaka ya kuanzia 1908. Ile heller 5 kubwa ya shaba, ya 1908 na 1909, ilionekana nzito mno na haikuendelea.

La tatu ni mizani. Rupia ya DOAG iliyo na gramu chache chini ya 11.66 ama imelika sana ama ni bandia. Rupia 15 ya tembo inapaswa kuwa na gramu 7.168, na dhahabu yake ni robo tatu. Sarafu hii imeigwa mara nyingi, na anayeuziwa njiani kwa bei ya kutupa anapaswa kuamini kwamba ni ya kuigwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sumaku ikiikamata, mazungumzo yameisha.

La nne, na ndilo linalosahaulika, ni kuandika ilipopatikana. Pesa ya 1890 iliyookotwa Buyenzi, Rumonge au Nyanza-Lac ina habari ambayo pesa ile ile iliyonunuliwa London haina: inaonyesha fedha ya pwani ilifika wapi. Jina la mahali, mwaka, na alivyosimulia mwenye nyumba vikiandikwa kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na sarafu, mtafiti anayekuja baadaye ana pa kuanzia.

Kuvuka nayo mpaka ni suala jingine. Burundi ina sheria ya mwaka 1983 ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kabla ya kubeba mfuko wa sarafu za zamani, ni salama kuuliza makumbusho au idara ya utamaduni ya nchi husika, kuliko kuulizwa na afisa wa forodha Kobero. Makumbusho ya Taifa ya Gitega na Makumbusho Hai ya Bujumbura ni milango ya kubisha kwa mwenye kitu asichokijua.

Ahadi za leo

Fedha za watu binafsi hazikuisha na Wajerumani. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wachuuzi wadogo walianza kutumia vocha waliyoiita Bangla-Pesa. Ilikuwa dawa ya tatizo lile lile la Birmingham: bidhaa zipo, wanunuzi wapo, chenji haipo. Baadhi ya waanzilishi na wanachama walikamatwa na kushtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa, na wazo hilo likaendelea kwa sura nyingine.

Mjini Bujumbura, salio la Lumicash au EcoCash katika simu ni ahadi ya kampuni kwamba wakala atatoa noti. Na noti yenyewe ni ahadi ya benki kuu. Juni 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na wenye nazo wakapewa siku chache tu za kuzipeleka benki. Aliyekuwa upande wa pili wa mpaka na mfuko wa noti hizo alikuwa katika mbio ambazo mwenye tokeni wa Uingereza mwaka 1817 angezielewa.

Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini itifaki ya umoja wa fedha Novemba 30, 2013, mjini Kampala. Sarafu moja ilitarajiwa mwaka 2024, na sasa lengo limesogezwa hadi 2031. Majadiliano mengi ni ya mfumuko wa bei, madeni na akiba za fedha za kigeni. Wachuuzi wa Gatumba, Kobero na Manyovu wana swali lao dogo zaidi: siku faranga na shilingi zitakapobadilishwa, watapewa muda gani, watabadilishia wapi, na je, mwanamke mwenye akiba yake kijijini, mbali na benki, atafikiwa? Mwaka 1817 Bunge la Uingereza liliona haja ya kuwaongezea muda maskini wa miji miwili. Itifaki itakapofika kwenye utekelezaji, muda huo ni jambo la kudaiwa mapema, kwa maandishi.